Tumbo, Fikira na Njozi: Mafundisho ya Karl Marx Yakitazamwa kutoka Kariakoo

Jioni hii twataka kuzungumza juu ya swali la zamani sana. Je, ni kitu gani kiuendeshacho ulimwengu? Ni fikira za watu, au ni haja ya tumbo? Na yale mambo ambayo watu waliyasadiki kwa moyo wote, kumbe hayakuwa kweli, yamefanya kazi gani katika historia?

Tusiende mbali kuanza. Twende Kariakoo, katikati ya mji wa Dar es Salaam, wakati wa alfajiri. Malori yamekwisha fika na viazi, vitunguu na ndizi. Wachukuzi wameinama chini ya magunia, mama lishe wamewasha moto, na vijana wapanga nguo na viatu juu ya turubai kando ya Mtaa wa Kongo. Ukimwuliza kila mmoja afikiri nini juu ya dunia hii, utapata majibu mbalimbali. Mwenye duka atakwambia kwamba mali ni tunda la bidii, na maskini ni mvivu tu. Mchukuzi atakwambia kwamba bidii anayo tangu utoto wake, lakini riziki haifuati mgongo, na tena huyo mwenye duka amezika hirizi chini ya kizingiti. Karani wa mji atasema kwamba wachuuzi wa njiani ndio wauharibuo mji. Kila mmoja asema aionavyo, na kila mmoja aiona dunia kutoka mahali aliposimama. Basi neno hilo, mahali mtu aliposimama, ndilo mlango wa mazungumzo yetu.

Karl Marx alizaliwa mwaka 1818 katika mji wa Trier, Ujerumani, akafa London mwaka 1883. Alikuwa mtu wa vitabu na wa madeni. Rafiki yake Friedrich Engels alikuwa mwana wa tajiri wa viwanda vya nyuzi za pamba, na mwenyewe alifanya kazi miaka mingi katika nyumba ya biashara ya pamba mjini Manchester. Iwekeni akilini pamba hiyo, maana tutakutana nayo tena. Mwaka 1845 na 1846 marafiki hao wawili waliandika kitabu kirefu juu ya itikadi za Wajerumani wenzao, kitabu ambacho hakikupigwa chapa chote mpaka mwaka 1932, wenyewe wamekwisha kufa zamani.

Siku zile wataalamu wengi wa Ujerumani walifundisha kwamba historia ni safari ya fikira: wazo moja huzaa wazo jingine, na mataifa hufuata nyuma kama ng'ombe wamfuatao mchungaji. Marx na Engels wakaligeuza neno hilo. Walisema: kabla mtu hajafikiri juu ya sheria, au ufalme, au nyota, hana budi kula, kunywa, kuvaa na kupata mahali pa kulala. Ili kuvipata hivyo, hufanya kazi pamoja na wenziwe, kwa vyombo walivyo navyo. Na katika kazi hiyo huwako mwenye shamba na asiye na shamba, mwenye chombo na mwenye mikono mitupu. Humo ndimo zinamoota fikira zake. Mvuvi wa pwani yetu huhesabu siku kwa bamvua na maji mafu. Mkulima huhesabu kwa vuli na masika. Mfanya biashara huhesabu kwa siku ya kulipa deni. Hawakukaa kitako wakachagua namna ya kufikiri. Kazi imewafundisha.

Katika mafundisho hayo tutatoa mambo matatu. La kwanza, fikira zitawalazo zamani zozote kwa kawaida ni fikira za wale wenye mali na amri, kwa kuwa hao ndio wenye shule, mahakama na mitambo ya kupigia chapa; na mara nyingi wao wenyewe huzisadiki. La pili, njozi za wanyonge si upumbavu mtupu. Hata Marx aliponena juu ya dini, ingawa hakumwamini Mungu, hakuridhika kusema kwamba ni hila za makasisi. Aliona humo maumivu ya kweli ya watu wanaoonewa. Si nia yetu kumwondoa msikilizaji yeyote katika dini yake. Twataka tu ashike njia ya kuuliza: nyuma ya neno hili la ajabu, ni maumivu gani? La tatu, fikira ikisha kushikwa na watu wengi, hugeuka nguvu, kama jembe au bunduki. Sasa na tuyapime mambo hayo matatu kwa historia ya hapa petu.

Jina lenyewe la Kariakoo ni somo. Wajerumani walijenga banda kubwa mahali pale karibu na mwaka 1914. Vita vya kwanza vya dunia vikafika, Waingereza wakautwaa mji mwezi wa Septemba 1916, na mahali pale pakawa kambi ya kikosi chao cha wapagazi, ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Midomo ya watu ikalilainisha jina hilo likawa Kariakoo, na baada ya vita banda likawa soko. Wapagazi hao walichukua risasi na vyakula kichwani, kwenye njia ambazo gari halikuweza kupita. Wengi walikwisha kwa kuhara, homa na unga usioiva. Hesabu ya vifo iliyokubaliwa na serikali ya Uingereza yenyewe ilizidi 40,000, na wanahistoria wengi huona kwamba idadi ya kweli ilikuwa kubwa zaidi.

Mwaka 1927 ikasimamishwa sanamu ya shaba katikati ya mji kuwa ukumbusho. Maandishi yake yanawataja wapagazi pia, lakini umbo lililosimama pale ni la askari mwenye bunduki. Tazameni basi. Waliotawala waliikumbuka vita kwa sura ya ushujaa, kwa kuwa hivyo ndivyo walivyotaka vita ionekane. Watu wa kawaida hawakuwa na shaba wala fundi wa sanamu. Walikuwa na ulimi tu, nao ulimi ukaliweka jina la wabeba mizigo juu ya soko, hata leo tunalitaja kila tukienda kununua nyanya. Hizo ni kumbukumbu mbili za jambo moja, kutoka mahali pawili watu waliposimama.

Tuje kwenye njozi za wakubwa. Kati ya Kariakoo na mitaa ya biashara ya Uhindini upo uwanja wa Mnazi Mmoja. Katika utawala wa Waingereza mji uligawanywa sehemu tatu: ya kwanza ya nyumba za Kizungu, ya pili ya maduka na nyumba zilizokaliwa zaidi na Wahindi, ya tatu, yaani Kariakoo na Ilala, ya nyumba za Waafrika. Sheria haikutaja rangi ya mtu. Ilitaja namna ya nyumba inayoruhusiwa kujengwa. Na uwanja ule ulioachwa wazi ulielezwa kuwa ni kinga ya afya, ili maradhi ya upande mmoja yasivuke kwenda upande wa pili. Lakini kila asubuhi wapishi, madobi na mayaya walivuka kwenda kuwapikia wakubwa na kuwabebea watoto, na jioni wakarudi. Kama ingekuwa ni afya peke yake, dawa ilikuwa kuleta maji safi na mifereji Kariakoo. Hatusemi kwamba kila daktari aliyeishauri serikali alikuwa mwongo. Twasema jambo zito zaidi: aliweza kuwa mtu mwaminifu, na bado akaona ni sawa kabisa jambo lile lililowafaa wenye mji.

Njozi ya pili ya wakubwa ilikuwa neno hili "mhuni". Maofisa waliamini kwamba Mwafrika wa kweli ni wa kijijini, na yule asiye na kazi ya kuandikwa mjini ni mzururaji. Mwaka 1944 ilitungwa sheria ya kuwaondoa mijini Waafrika waliohesabiwa kuwa hawatakiwi. Walakini bandari ilitaka vibarua wa siku moja moja, wa kuitwa meli ifikapo na kuachwa meli iondokapo. Mji uliwahitaji watu hao asubuhi na kuwafukuza jioni. Na msidhani kwamba njozi hiyo iliondoka pamoja na bendera ya Kiingereza. Mwaka 1983, serikali huru ya Tanzania ilipitisha Sheria ya Nguvu Kazi, na watu wengi wa Dar es Salaam wakakamatwa mitaani wakiitwa wasio na kazi, ilhali wengine walikamatwa na biashara yao mikononi. Kuchoma mahindi, kushona viatu, kuuza maji, yote hayo hayakuonekana kuwa kazi, kwa kuwa hayakuandikwa katika daftari. Watawala walibadilika, lakini mahali waliposimama palikuwa pale pale, nyuma ya meza, wakiutazama mji kupitia daftari.

Sasa tuvuke upande wa pili, kwenye njozi za wanyonge. Na ili kuiona iliyo kubwa kupita zote, hatuna budi kutoka sokoni kwenda kusini, kuvuka mto Rufiji, na kurudi nyuma hata mwaka 1905.

Viwanda vya nguo vya Ujerumani vilitegemea sana pamba ya Marekani, na wenye viwanda walitaka pamba ya makoloni yao wenyewe. Kwa hiyo tangu mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilianzisha mashamba ya pamba ya pamoja katika nchi za pwani, na Uzaramo, iliyouzunguka mji huu wa Dar es Salaam, ilikuwa miongoni mwazo. Watu walilazimishwa kulima chini ya maakida na majumbe, mara nyingi wakati ule ule mashamba yao ya chakula yalipohitaji mikono. Malipo yalikuwa senti chache, hata wengine wakakataa kuyapokea.

Huko Ngarambe akatokea Kinjikitile Ngwale, aliyegawa dawa ya maji yenye mafuta ya mbarika na mtama, na kuwaambia watu kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Mwezi wa Julai 1905 watu wa Matumbi waling'oa miche ya pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile alinyongwa siku za mwanzo tu, mwezi wa Agosti, lakini maji yake yalikwisha toka mikononi mwake. Yaliwafikia Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wangoni na Wabena. Tarehe 30 Agosti maelfu ya watu waliishambulia boma ya Mahenge, wakazikabili bunduki za rashasha. Risasi hazikugeuka maji. Vita viliendelea hata mwaka 1907, na Wajerumani wakachoma vijiji na vyakula, ikaingia njaa kuu. Makadirio ya waliokufa huanzia 75,000 na kufika hata laki tatu.

Mtu mmoja atasema: tazama, upumbavu uliwaua. Mwingine atasema: wamelaaniwa na uchawi wao. Marx angetutaka tuulize swali jingine: kwa nini maji yalisadikiwa mwaka ule, na kwa nini kitu cha kwanza kung'olewa kilikuwa mche wa pamba? Watu walijua vema ni kitu gani kilichowaumiza. Njozi ilikuwa katika dawa. Maumivu hayakuwa njozi. Tena maji yalifanya kazi moja ya kweli. Makabila yale hayakuwa na mfalme mmoja, na baadhi yao walikuwa na vita vya zamani baina yao. Kwa kunyweshwa dawa moja walijiona kuwa watu wamoja. Bila njozi ile wangeonewa kila kijiji peke yake. Na kwa njozi ile walikimbilia risasi vifua wazi. Huu ndio msiba wa jambo lenyewe, kwamba kitu kilichowaunganisha ndicho kilichowaangamiza.

Na bado haikuwa bure kabisa. Baada ya vita, gavana mpya, Rechenberg, aliona kwamba mashamba ya kulazimishwa yameleta hasara, akatilia nguvu zaidi kilimo cha wenyeji wenyewe. Mwaka 1956, Julius Nyerere aliponena mbele ya Umoja wa Mataifa, aliikumbusha vita hiyo, akaeleza kwamba watu hawakupigana kwa sababu ya ushirikina, bali kwa sababu hawakukubali kutawaliwa na wageni. Hivyo fikira iliyoshindwa vitani ilirudi baada ya miaka hamsini, imevua njozi yake na kubaki na kiini chake.

Turudi mjini, tuitazame njozi nyingine, ndogo lakini ya hatari. Wazee wa Kariakoo na Ilala wanakumbuka hadithi za mumiani, ati wako watu wanaowakamata wapita njia usiku, wakawanyonya damu ili ifanywe dawa. Mara walitajwa wazima moto, mara watu wa hospitali. Ni ajabu kwamba Marx mwenyewe, katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1867, alifananisha mtaji na mnyonya damu, aishiye kwa nguvu za mfanyakazi aliye hai. Yeye alisema kwa mfano. Mtaani yalisemwa kwa hofu. Mtu ambaye nguvu zake zimekwisha bandarini, na hajui zimekwenda wapi maana mfukoni hamna kitu, si ajabu akisadiki kwamba yuko anywaye damu yake. Lakini sikilizeni tofauti. Mfano hukuelekeza kuutazama mshahara na kodi. Hofu hukuelekeza kumkamata mpita njia. Mwaka 1959 huko Buguruni uvumi wa mumiani ulizusha ghasia, na askari polisi mmoja akauawa. Hakuna mshahara uliopanda kwa damu hiyo. Njozi huonyesha panapouma, lakini haionyeshi aliyeumiza. Na mara nyingi hulipa kisasi kwa asiye na hatia.

Jambo la tatu ni fikira kuwa nguvu. Vibarua wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, na tena mwaka 1943. Mwezi wa Septemba 1947 waligoma mara nyingine, maana baada ya vita vya pili vya dunia bei za vitu zilikuwa juu na mshahara chini. Mgomo ulifuata njia ya reli ukaenda bara, na mwisho mishahara ikaongezwa. Hapakuwa na dawa ya kunywa. Ilikuwako fikira moja nyepesi, kwamba Mzaramo, Mnyamwezi na Mluguru, wakiinama chini ya gunia moja, ni wafanyakazi. Fikira hiyo iliota katika kazi, ikarudi kuibadili kazi.

Hata neno la wakubwa huweza kuwaponyoka. Mwaka 1971 chama cha TANU kilitoa Mwongozo, uliowakataza viongozi kuwa na kiburi na kuwaonea walio chini yao. Wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam waliusoma, wakaushika kwa maana yake, wakaanza kugoma na kuwafungia milango mameneja. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikishika kiwanda wenyewe. Ndipo serikali ilipoona kwamba moto umezidi jiko. Migomo ikazimwa, na wengine wakafukuzwa kazi. Wakati huo huo katika Chuo Kikuu, kijana Issa Shivji na wenziwe waliandika kwamba Tanzania ina matabaka yanayoshindana. Ilhali Nyerere alifundisha tangu mwaka 1962 kwamba jamii ya asili ya Kiafrika ilikuwa jamaa moja isiyo na matabaka. Jarida lao la Cheche lilipigwa marufuku mwaka 1970. Ujamaa ulikuwa fikira njema iliyowaunganisha watu wa makabila zaidi ya mia. Lakini mchukuzi wa Kariakoo alipomtazama meneja aliyepita garini, aliona jambo ambalo neno "ndugu" halikulifunika.

Je, Marx alisema yote? Hapana. Engels mwenyewe, katika barua ya mwaka 1890, aliwaonya vijana wasiyapokee mafundisho hayo kana kwamba uchumi peke yake hufanya kila kitu. Sheria, dini na siasa nazo huvuta kamba upande wao. Wala wafuasi wa Marx hawakusalimika na njozi. Katika Urusi ya Stalin, serikali iliyojiita ya wafanyakazi iliwafunga wafanyakazi, na wengi walioamini walikataa kuona. Anayefundisha kwamba kila mtu huona kutoka mahali aliposimama, hana budi kukumbuka kwamba yeye naye amesimama mahali.

Na sisi tunaonena nanyi jioni hii tumekaa chumbani, hatuna gunia mgongoni. Basi msiyapokee maneno yetu pasipo kuyapima. Tunawaachia mizani ya maswali matatu. Mkisikia neno linalopita mitaani, liwe la ofisini, la barazani au la uvumi wa usiku, ulizeni: limeota katika kazi na maisha ya nani? Linaonyesha maumivu gani ya kweli? Na likishikwa na watu wengi, litamwangukia nani? Neno likisema wachuuzi ni uchafu, liulizeni. Likisema jirani yako ni mnyonya damu, liulizeni mara mbili, na mikono ikae chini mpaka jibu lije.

Kesho alfajiri wachukuzi watainama tena chini ya magunia pale Kariakoo, mahali penye jina la wenzao wa zamani. Mkipita, wapisheni njia.